Sili ya Mguu wa Kushoto

Jumatano asubuhi niliinama uani kwangu, Kilosa, nikapitisha mkono nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto, na nilipoutoa kiganja chote kilikuwa cheusi. Moyo ulinilipuka paa. Jumatatu tu fundi alikuwa amebadilisha sili ya mguu ule, ile pete ya mpira inayozuia mafuta ya difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu, yasitoke kando ya ekseli, na akaniambia niende kwa amani. Siku mbili hazijaisha, na mafuta yalikuwa yanadondoka tena kwenye mchanga wangu.

Ingekuwa wiki nyingine ningefoka kidogo, ningekunywa chai, ningeendelea na shughuli zangu. Lakini wiki ile mama yangu alikuwa ananingoja Kisanga. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia lilishaziba kabisa, na la kushoto lilibakiwa na mwanga wa kumtofautishia mlango na ukuta. Madaktari wa macho wanaozunguka walikuwa wanafika hospitali ya Mikumi kwa siku tatu: Alhamisi kupima na kuandikisha mwisho saa nane mchana, Ijumaa kupasua, Jumamosi kufungua bandeji na kuondoka. Mzunguko uliopita tuliukosa kwa sababu barabara ilikatika, na muuguzi akaniambia kwamba mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi anakuwa mgumu kumtoa. Hakusema zaidi. Mimi nilijimalizia mwenyewe, usiku na mchana.

Mtu atauliza kwa nini nisimpakie bodaboda. Mama aliwahi kuvunjika nyonga, pikipiki haipandi. Na masika yale basi lilikuwa limeacha kupita njia ya kijijini kwetu. Kilichokuwa kinapita ni trekta na magari yanayovuta kwa miguu yote minne, na katika ukoo wetu mzima gari la namna hiyo ni moja, hili la kwangu, aliloniachia marehemu mume wangu miaka mitatu iliyopita. Nalitumia kukusanya ufuta na mahindi vijijini. Ni zee, lina kelele, na nalipenda kwa namna ambayo siwezi kumweleza mtu.

Kuvuja kwenyewe hakuniogopeshi. Sisi wenye magari ya zamani tunataniana kwamba gari lisilovuja limeishiwa mafuta. Kinachoniogopesha ni mahali mafuta yanapokwenda. Ukiyaacha yanaingia kwenye grisi ya kifundo cha gurudumu, yanaiyeyusha inakuwa uji, halafu yanafika kwenye breki. Jumanne jioni, nikirudi na magunia, nilikanyaga breki gari likavuta kulia. Lilivuta kidogo tu, nikajiambia ni shimo. Na barabara ya kutoka Kisanga kwenda Mikumi ina mteremko mmoja unaoishia mtoni.

Basi niliwasha gari nikaenda kwa fundi, na njia nzima nilikuwa natunga maneno.

Fundi wangu ana gereji ya wazi karibu na stesheni ya zamani, chini ya bati lililopigiliwa kwenye nguzo za mataruma. Ni mzee wa miaka sabini hivi. Wazazi wake walikuja upande wa Ruhembe kukata miwa, yeye akakulia kwenye karakana ya shamba, na mpaka leo anafanya kazi kana kwamba kuna msimamizi nyuma yake. Kila kinachotoka kwenye gari anakilaza juu ya gunia la sukari lililochanwa, kwa mpangilio uleule kilivyotoka, kushoto kwenda kulia, na ole wako uliruke lile gunia. Unazunguka. Nimeona bwana mkubwa mmoja mwenye suti akizunguka. Na mzee hatii chakula mdomoni mpaka gari lisimame tena kwa miguu yake minne.

Nilisimamisha gari katikati ya uwanja wake, nikashuka, nikaacha mlango wazi. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wateja watatu.

"Umenifungia sili feki," nilisema, kwa sauti ninayotumia kwenye mizani ya ufuta. "Jumatatu umefunga, leo inamwaga. Mama yangu akipofuka utaniambia nini?"

Alikuwa ameshika spana. Aliiweka chini, akafuta mikono kwenye tambara, kidole kimoja kimoja, kisha akanitazama.

"Marahaba," alisema.

Sikuwa nimemwamkia. Kwetu hata mtoto anayejifunza kutembea anajua hilo: uwe na msiba, uwe unakimbizwa na nyuki, mkubwa unamwamkia kwanza ndipo ueleze shida yako. Mimi mwenyewe huwasimamisha watoto wa watu barabarani kwa kosa hilo. Nilihisi masikio yanapata moto. Ningeweza kusema shikamoo palepale, jambo likaisha. Sikusema. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu, na vile viwili vilikuwa vimenishika ulimi.

"Lisogeze kivulini," alisema fundi, akaenda kuchukua jeki.

Aliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akapandisha gari, akalitoa gurudumu. Breki aliifungua akaining'iniza kwa waya ili bomba lake lisivutwe. Ikafuata habu, kitovu cha gurudumu, na beringi zake, kimoja baada ya kingine, juu ya gunia. Grisi iliyotoka kwenye kifundo haikuwa grisi tena, ilimwagika kwenye karai kama mchuzi wa maharage. Mwisho akaivuta ekseli yenyewe, ndefu, inang'aa, akailaza mwisho wa mstari. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa gunia, nimekunja mikono, nahesabu saa. Mama alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama gari limepona. Mara ya pili aliuliza kama avae gauni la bluu au lile la kijani, na nilipomjibu lolote akasema lolote si rangi.

Fundi aliing'oa sili taratibu mno, kwa vijiti viwili vya chuma, huku na huku, ili asiiharibu. Kwa kawaida huing'oa kwa bisibisi na kuitupa. Aliiosha kwa petroli, akaikausha, akaninyooshea.

"Tafuta kasoro," alisema.

Nilitoa miwani kwenye pochi. Niliigeuza ile pete upande huu na ule. Nilipitisha ukucha kwenye mdomo wake mwembamba wa mpira, nikatazama springi ndogo iliyojificha ndani, nikaiinua juani. Sijawahi kutamani kitu kiwe kibovu kama nilivyotamani siku ile. Ilikuwa nzima. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba ilikuwa nzima, na nilipoinua macho wale watatu wa benchini walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Labda uliifunga vibaya," nilisema.

Fundi alichukua boksi lililokunjuliwa, akalitandika chini ya pua ya gari, akalala chali akajisukuma ndani. Alikaa humo muda. Nilisikia anavuta pumzi kwa pua, namna watu wazima wanavyofanya wakiona kitu wasichotaka kukisema.

"Mama, hebu njoo ulale hapa," aliita.

Nilikaza kitenge changu, nikalala kando yake kwenye boksi, wateja wakiniangalia miguu. Alimulika tochi juu ya nyumba ya difu. Pale juu kuna kijibomba kifupi, hakizidi kidole, ambacho kazi yake ni kuipa difu nafasi ya kupumua. Kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa mara tatu na kukazwa fundo.

"Nani kafunga hapa?"

Nililijua lile fundo. Ndilo ninalofungia magunia.

"Ni marehemu," nilisema.

Hata leo ninapoandika uso unaniungua. Mtu amelala kaburini, hana mdomo wa kujitetea, alinipenda miaka ishirini na mbili, na mimi nikamtwika kosa langu nikiwa nimelala chini ya gari lake. Fundi alifungua fundo kwa meno ya koleo, akaushika ukanda kwa mikono miwili akauvuta. Ulinyumbuka vizuri, ukarudi.

"Mpira ukikaa chini ya gari masika moja unapasukapasuka," alisema, na sauti yake haikuwa na kisirani chochote. "Marehemu ana miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Ndiyo."

Basi nikasema. Nilimwambia kwamba mwanzoni mwa masika yale mfanyabiashara mwenzangu alivuka mto, maji yakaingia kwenye difu yake kwa kile kijibomba, na alipofungua alikuta mafuta yamekuwa chai ya maziwa. Niliogopa. Wenzangu wengi wanaopita njia ya mtoni hufunga mpira wakifika kwenye maji, hufungua wakishavuka. Mimi niliona uvivu kulala kwenye tope mara mbili kwa siku moja. Nilifunga mara moja nikauacha, nikajiona mjanja kuliko wote. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimeziba, tena kwa fundo la gunia, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida.

"Difu ikizunguka inapata moto," alisema fundi, tochi bado iko juu. "Hewa ya ndani inavimba, inatafuta njia. Wewe umeiziba pua, yenyewe ikapumulia mdomoni. Sili haina kosa. Ungefunga hata kumi, zote zingetema." Akakipangusa kijibomba kwa kidole. "Na mimi Jumatatu nilipaswa kuangalia huku. Uliniharakisha, nikakubali kuharakishwa. Hilo ni langu."

Niseme ukweli, nilitamani kuling'ang'ania hilo neno lake la mwisho. Kuna sehemu yangu ilikuwa tayari kunyanyuka na kuitangazia benchi kwamba amekiri. Lakini nilikuwa nimelala chali, nina tope mgongoni, na mzee alikuwa ananitazama kwa pembeni, uso wake karibu na wangu kama wagonjwa wawili wa kitanda kimoja.

"Shikamoo," nilisema.

"Nilishaitikia," alisema. "Shika tochi."

Sili ikishang'olewa hairudishwi, na mpya ilikuwepo moja, kwa bahati. Jumatatu alikuwa ameagiza mbili kutoka Morogoro, kwa kuwa gari lina miguu miwili ya mbele, na mimi nilikataa asiguse wa kulia nikisema muda hautoshi. Sasa hiyo ya kulia ilikwenda kushoto. Alisafisha makao yake mpaka chuma kikawa cheupe, akapaka grisi mdomoni mwa sili, akahakikisha upande wenye springi unaangalia mafuta, kisha akaigongea ndani kwa kipande cha bomba kilicholingana nayo, pigo dogo huku, pigo dogo kule, akizunguka. Nilishika tochi kwa mikono miwili. Kila pigo nilidhani limeipinda. Alipoingiza ekseli alifanya kitu ambacho sikukielewa mpaka aliponieleza: aliibeba kwa kiganja njia nzima, asiiache hata kidogo ilale juu ya ule mdomo wa mpira.

Breki ndizo zilizomkalia vibaya. Alizisugua kwa petroli na msasa, akazinusa, akazisugua tena.

"Zilishakunywa mafuta," alisema. "Zitashika, lakini si kama mpya. Kanyaga mapema. Usingoje kuona mto ndipo ukumbuke breki."

Kwenye kijibomba cha kupumulia aliunganisha mpira mrefu, uliokatwa kwenye pampu ya kunyunyizia dawa shambani, akaupandisha hadi juu karibu na betri na kuubana kwa waya. Aliniambia kiungo kile si cha kuaminika sana. Maji yakipanda kupita katikati ya gurudumu, nisubiri yapungue. Alinitazamisha gurudumu, akaweka kidole katikati yake, namna unavyomfundisha mtoto. Nikasema nimesikia. Saa kumi gari lilisimama kwa miguu yake minne, na mzee akaomba maji ya kunawa ili ale. Ule ukanda wa mpira niliutupia juu ya dashibodi. Sijui kwa nini sikuutupa.

Alhamisi nilitandika gazeti chini ya gurudumu kabla ya kuondoka, nikalisoma kama mtu anayetafuta jina lake. Lilikuwa kavu. Sikuamini. Nilisimama kijiji cha Ulaya nikainama, nikasimama tena njiani mahali pasipo na mtu nikainama, na nilipofika Kisanga saa tatu magoti yangu yalikuwa mekundu kwa udongo.

Mama alikuwa amekaa kizingitini na kikapu chake, amevaa gauni la kijani. Nilimsalimu, nikamshika mkono, nikampandisha kiti cha kushoto. Gurudumu lile lilikuwa chini ya miguu yake hasa. Kwa kukosa macho alikuwa amegeuka masikio matupu, na hatukuwa tumetoka hata kijijini aliposema kuna kitu kinalia upande wake. Nilizima injini katikati ya barabara. Kilikuwa kifuniko cha sufuria ndani ya kikapu.

"Unaogopa nini?" aliuliza.

"Siogopi."

"Basi endesha kama mtu asiyeogopa."

Kwenye mteremko nilianza kukanyaga breki tangu juu kabisa, kidogo kidogo, mikono imeshika usukani hadi vifundo vikauma. Gari lilivuta kulia. Halikuvuta kama Jumanne, lakini lilivuta, na nilikuwa nalirudisha na kusali kwa maneno ambayo si ya sala. Tulifika chini salama. Mbele yetu mto ulikuwa umejaa, rangi ya matofali, unapita juu ya zege la kivuko kwa kelele. Upande wa pili dereva wa trekta alikuwa amezima mashine yake, amelala juu ya tela.

Nilikata kijiti nikaingia mpaka magotini, nikapima, nikarudi kukilinganisha na gurudumu. Maji yalipita katikati kwa upana wa vidole vinne. Ilikuwa saa nne. Kutoka pale hadi Mikumi, kwa barabara ile, si chini ya saa moja na nusu.

Nilikaa kwenye usukani nikautazama ule ukanda wa mpira kwenye dashibodi. Funga, vuka, fungua. Dakika kumi. Kila mtu anafanya. Nilijua pia kwamba zege lile lina ukingo usioonekana maji yakijaa, kwamba breki zikilowa zitakuwa hazipo, na kwamba kule nyuma ya hofu yangu kulikuwa na mwanamke yuleyule aliyefunga fundo na kuliacha. Nilikuwa nimemchoka. Lakini saa nne na nusu ilipofika mkono wangu ulikuwa tayari uko kwenye dashibodi.

Mkono wa mama ulikuwa umetangulia. Alikuwa anapapasa akitafuta mahali pa kujishikilia, akakuta ule ukanda.

"Kimpira cha nani hiki? Kizuri. Kikapu changu hakifungi," alisema, akaupitisha kwenye masikio ya kikapu, akazungusha mara tatu, akakaza.

Nilirudisha mkono wangu mapajani.

Tukangoja. Kila baada ya muda nilishuka na kijiti changu. Mama alinicheka kwanza. Tangu lini mimi nikangoja kitu, aliuliza, mimi niliyezaliwa mkunga akiwa bado njiani. Ilipofika saa tano aliacha kucheka, na hilo lilinitisha kuliko maji. Maji yalikuwa yameshuka vidole viwili.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "usituzamishe kwa ajili ya macho. Mimi nimeshazoea hivi."

"Sawa, mama."

Alitazama mbele, mahali mto ulipokuwa unapiga kelele. Baada ya muda alisema tena, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nimekuongopea. Sijazoea."

Nililia. Nililia kimyakimya, nimegeuzia uso dirishani, jambo la kijinga kwa kuwa asingeniona hata ningemlilia usoni. Nilishuka nikapima tena. Saa sita kasoro maji yalikuwa chini ya katikati ya gurudumu kwa upana wa kidole kimoja. Sikungoja cha pili.

Niliingiza gia ya kuvuta kwa miguu yote minne, nikaingia mtoni polepole, bila kuongeza wala kuachia mafuta, macho yangu kwenye trekta la ng'ambo. Gari lilitikisika mara moja, mkia ukasogea, mama akataja jina la Mungu kwa kilugha chetu. Kisha pua ikapanda, maji yakamwagika kutoka chini yetu, na tulikuwa upande wa pili. Dereva wa trekta alinyanyua kichwa, akakirudisha. Nilikanyaga breki nyingi fupi fupi kuzikausha, kisha nikaendesha kama nilivyoagizwa na mama.

Tuliingia lango la hospitali ya Mikumi saa saba na nusu. Mama alikuwa wa mwisho kuandikwa. Walipomwingiza kupimwa nilitoka nje, nikalala kando ya gari juu ya kokoto mbele ya walinzi wawili, nikapitisha mkono nyuma ya gurudumu la kushoto. Ulitoka na tope. Nililinusa. Lilikuwa tope tu.

Ijumaa walimpasua jicho la kushoto, la kulia wakaliachia mzunguko mwingine. Jumamosi asubuhi muuguzi alimkalisha kitandani akaanza kumbandua bandeji, na mimi nikasimama mbele yake, nimejitanda vizuri, nimekwisha kuandaa uso wa kuonwa. Nilikuwa nimeiwaza saa ile kwa mwaka mzima.

Inanibidi niseme kitu ambacho mama hakukijua. Mume wangu alipofariki macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia, na yalivyozidi kufifia ndivyo mimi nilivyozidi kukonda. Chakula kilikuwa hakipiti. Kwa yeye nilikuwa sauti tu, na sauti mtu unaivaa unavyotaka. Nilikuwa nafika kwake nimejifunga kitenge juu ya kitenge, nikamkumbatia upesi, nikaanza kelele zangu za ufuta na madalali, yeye akacheka, akasema huyu mtoto hana shida. Nilidhani namsaidia.

Mama alipepesa. Alitazama dirisha kwanza. Alitazama mikono yake, juu na chini, kama vitu alivyorudishiwa na jirani. Kisha akanitazama mimi, na sikuona furaha niliyokuwa naingoja. Alinyoosha mkono, akaugusa mfupa wa bega langu, akaufuata polepole hadi shingoni.

"Tangu lini umekuwa hivi?"

"Ni safari tu, mama. Na hili gari limenihangaisha wiki nzima."

Hakuuondoa mkono. Lile jicho moja lilikuwa jekundu, linatoa machozi ya dawa, na halikubanduka usoni kwangu.

"Kaa hapa," alisema. "Anza tangu siku ya msiba."

Nikakaa.